Azimio la Kikombe cha Maji

Nianze kwa kukiri kwamba mimi ni mtu wa maazimio. Hata leo, mzee niliyestaafu, nikienda sokoni naandika kwanza lengo la safari, na nikirudi naandika mafanikio na matatizo, hata kama nilichonunua ni nyanya tu. Marehemu mke wangu alikuwa akisema nikifa nitawaachia waombolezaji ajenda. Haya ninayoyaeleza yalinipata kwa tabia hiyo hiyo, na sina wa kumlaumu.

Serikali ilituleta Mtwara kutoka bara, kwenye baridi na migomba: mimi mwalimu wa shule ya msingi, mke wangu, na binti yetu, ambaye wakati huo ndiye mtoto pekee tuliyekuwa naye. Tukapangiwa kijiji cha ujamaa upande wa Mahurunga, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mto Ruvuma. Nyumba zilikuwa zimejengwa kwa mstari ulionyooka, na mstari wetu ulikuwa na nyumba kumi kamili, kwa hiyo mstari mmoja, balozi mmoja wa Chama. Sisi tulipewa nyumba ya kwanza, iliyopakana na shule. Nyumba ya kumi, ya mwisho kabisa, alikaa mama mmoja wa Kimakonde, mkulima wa korosho, rika la mke wangu, mwenye ulimi ambao hata balozi aliukwepa. Ukipita nyumba yake ulikuwa umefika kwenye mikorosho, kisha bonde, kisha mto wenyewe na mamba wake.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na vita, na ndege zake mara nyingine zilivuka kuja kwetu. Tulichimba mahandaki nyuma ya nyumba, na kengele ya shule, ambayo ilikuwa rimu kuukuu ya lori, ikawa na kazi mbili. Ikigongwa kwa saa zake, watoto waingie darasani. Ikigongwa nje ya saa zake, kila mwenye pumzi aingie handakini. Kuigonga bila sababu lilikuwa kosa la kupelekwa mbele ya mkutano, na aliyeipigania sheria hiyo kuliko wote alikuwa mimi.

Binti yetu alikuwa na miaka sita na hakuwa anasema. Hakuwa bubu, maana aliimba, nyimbo zisizo na maneno, na alikuwa akicheka peke yake kwa mambo ambayo hatukuyaona. Ukimwita jina hakugeuka. Alipenda vitu vikae kwa mpangilio: akipita kwenye mstari wetu lazima aanze nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, aguse kila mlango, na akirudi aanze ya kumi, na ukimkatisha katikati alilia mpaka akatapika. Siku hizi kuna neno, usonji, na kuna watu wanaolisomea. Wakati ule tulikuwa na maneno mengine, na mengi yalikuwa ya kuumiza. Tulimpeleka hospitali mjini, daktari akasema atasema akikua. Tulimpeleka Mikindani kwa mzee mmoja mpole akasomewa, ingawa sisi ni Wakristo, na mzee naye akasema atasema Mungu akipenda. Mke wangu alitoka kwa wote wawili ameshukuru. Mimi nilitoka nimekasirika kwamba hakuna aliyetaja muda.

Alikuwa na tabia tatu ambazo zilininyima usingizi. Ya kwanza ni kupanga korosho mbichi kwa mstari mrefu uani, ukisogeza moja ni balaa. Ya pili, kengele ya shule ikilia alitoka mbio popote alipo, akaweka kiganja kwenye ile rimu aisikie ikitetemeka, huku wanafunzi wangu wakivunjika mbavu kwa kicheko. Ya tatu ni kushika watu mikono. Akitaka kitu alikuwa hakuangalii usoni, hanyooshi kidole. Alikamata kifundo cha mkono wako, akakukokota, akauweka mkono wako juu ya kitu chenyewe kama vile wewe ni koleo. Mimi nilidhani huo ni utovu wa adabu.

Lakini lililotutia hofu ya kweli lilikuwa kutembea. Mara mbili alipotea, na mara zote mbili alikutwa bondeni, karibu na maji. Baada ya mara ya pili balozi alikuja nyumbani jioni na kamba ya katani, mpya, imeviringwa vizuri. Akaiweka kwenye benchi taratibu, kama mtu aliyeleta zawadi na kuionea haya.

"Mwalimu, hii si adhabu," alisema. "Mtoto wa dada yangu tulimfunga miaka mitatu kwenye nguzo ya jiko. Yu hai mpaka leo."

Mke wangu alikuwa anachambua kisamvu. Hakuinua macho. "Shemeji, kamba hiyo kafungie mbuzi."

"Mbuzi ninao, na kamba zao ninazo. Hii ni ya huyu. Mama, mto haumwogopi mtu."

Na mimi, badala ya kumshika mke wangu bega kama mume, nikasimama kama niko jukwaani. Nikasema, "Ndugu balozi, tupe miezi mitatu. Nitamfundisha. Nimefundisha watoto wa watu mia moja, nitashindwa na wa kwangu?" Balozi akakubali, ila kamba hakuiacha. Alisema ataitunza kwake mpaka miezi hiyo iishe, na kama mtoto atakuwa bado hasemi wala haitiki, basi atafungwa, au tumrudishe bara kwa bibi yake. Mke wangu usiku huo hakula.

Sasa, ujuzi nilioutegemea ulikuwa huu: chuoni tulikuwa na somo la saikolojia, na siku moja mkufunzi alitueleza habari za mbwa aliyefundishwa kutokwa mate kwa kengele, na njiwa aliyefundishwa kudonoa kitufe ili apate punje. Siku hiyo nilikuwa nasinzia, na katika mtihani wa somo hilo nilipita kwa kuibia majibu. Lakini nilikumbuka jambo moja: mnyama akifanya unachotaka, mpe, asipofanya, mnyime. Basi nikachukua daftari jipya, nikachora majedwali, nikaandika andalio la somo. Darasa: binti yangu. Idadi ya wanafunzi: mmoja. Lengo: mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze kutamka neno moja. Nikaweka na safu ya mahudhurio. Kwa muda wote ule sikumwandikia hata siku moja kwamba hayupo, kwani alikuwa anaishi nami.

Nilianza na filimbi. Nikipuliza, aje. Nilipopuliza mara ya kwanza alijiziba masikio akaingia uvunguni mwa kitanda, na huko alikaa mpaka saa kumi. Nikaandika: "Mwitikio upo." Nikahamia kwenye korosho za kukaanga, ambazo alizipenda kweli. Nilikaa naye mkekani, nikashika korosho moja mbele ya uso wangu, nikasema, "Sema a." Yeye akaitazama korosho. Mimi nikasema "a" kumwonyesha mfano, na ili aone mfano una faida nikajipa korosho. Baada ya wiki mbili hajasema kitu, na mimi suruali zilianza kunibana.

Wakati huo huo mke wangu alikuwa anamfundisha kuvaa ndara zake, bila daftari. Alimvisha zote mbili, ila ule mkanda wa mwisho wa mguu wa kushoto alimwachia kidogo tu, amalizie kuuvuta. Akivuta, anaimbiwa. Alipozoea, akamwachia na mguu wa kulia. Mwezi mmoja baadaye mtoto anavaa ndara mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Nikaandika kwenye safu ya mafanikio: "Mbinu za baba zimezaa matunda." Mke wangu alijua kusoma vizuri. Alilisoma lile daftari lote, akalirudisha mezani, na wiki nzima aliniita "Mheshimiwa."

Mwezi wa pili nikaona nipige hatua kubwa. Kiangazi kilikuwa kimeshika, kisima cha karibu kimekauka, na kila mtu alikuwa anawaza maji. Nikafikiri: neno litakalotoka ni maji. Nikaweka kifuniko juu ya mtungi wetu, na juu ya kifuniko nikaweka jiwe ambalo mtoto hakuliweza. Asubuhi na jioni alikunywa pamoja na chakula, hilo sikuligusa. Nilikuwa mjinga lakini sikuwa muuaji. Ila mchana akitaka maji, lazima aseme. Akinishika mkono kunipeleka mtungini, naurudisha mkono wangu kifuani, nasema polepole, "Sema ma-ji."

Alichofanya ni kuchukua kikombe chake cha bati akaenda nyumba ya pili. Huko walimpa. Mimi nikaiona kama hujuma. Nikamwendea balozi nikamwomba mkutano wa nyumba kumi, ajenda moja.

Sitaisahau hotuba ile, maana niliisifu mwenyewe kwa siku kadhaa. Tulikaa kwa balozi, wanaume kwenye mabenchi, akina mama mikekani, tukaanza kwa salamu za Chama. Nikasema kwamba mtoto ni wa jamii nzima, kwa hiyo hata kiu yake ni ya jamii nzima. Nikasema mtu mmoja akilegea, kazi ya wote imebomoka. Nilizungumza saa nzima. Mwishoni nikasoma azimio: kuanzia siku hiyo hakuna nyumba kati ya kumi itakayompa binti yangu maji mpaka atamke neno maji.

Mama wa nyumba ya kumi akanyoosha mkono. "Mwalimu, na asiposema?"

"Atasema."

"Na akiwa na kiu kwelikweli?"

"Dada yangu, kiu ndiyo itakayomfundisha."

Niliona mke wangu akinitazama kutoka mkekani. Nilidhani amevutiwa na hotuba yangu. Balozi akauliza wanaounga mkono, mikono ikanyooshwa, na wa mwisho kunyoosha, shingo upande, alikuwa yule mama wa nyumba ya kumi. Azimio likapita kwa kauli moja. Nikaliandika kwa wino mwekundu.

Jamani, watu wa kijiji kile walikuwa na nidhamu! Waliambiwa walime shamba la pamoja, walilima. Waliambiwa wachimbe mahandaki, walichimba. Na waliambiwa wasimpe mtoto maji, basi hawakumpa.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya wiki. Mke wangu aliondoka alfajiri kwenda kisima cha mbali, maana foleni ilikuwa ya kutisha, na tulikubaliana nibaki na mtoto mpaka saa ya kuingia darasani, kisha wakati wa mapumziko nivuke uwanja nikamtazame. Ni hatua hamsini. Mapumziko yakafika, sikwenda. Nilikuwa ofisini naandika taarifa ya maendeleo yake ya mwezi wa pili, na nilikuwa nimefika kwenye aya nzuri.

Mke wangu alirudi jua likiwa utosini, ndoo kichwani. Nilimsikia akiita mara moja, mara mbili. Halafu nikamwona mlangoni pa ofisi, ndoo bado kichwani, hajaitua.

"Mtoto yuko wapi?"

Nikasema, "Si yupo?"

Sitaki kueleza sana uso aliokuwa nao. Niliruka nje. Tukaita kwenye mstari mzima. Nyumba ya pili walisema alipita. Ya tatu walisema alipita. Wote walisema alipita na kikombe chake, kwa mpangilio wake ule ule, na wa nyumba ya kumi, ambaye alikuwa uani anabangua korosho, aliinuka mikono imejaa masizi akasema, "Alipita kwangu zamani. Aliendelea." Akaonyesha mikorosho. Baada ya nyumba yake hapakuwa na nyumba nyingine, na mtoto alikuwa bado anatafuta inayofuata.

Wanaume wakakimbilia bondeni na mapanga. Balozi alikuwa mbele, na mkononi alikuwa na ile kamba ya katani, nadhani aliichukua bila kufikiri. Nilianza kupuliza filimbi. Nilipuliza kati ya mikorosho mpaka midomo ikafa ganzi, mtoto ambaye akisikia filimbi anajificha. Nilimwita jina, mtoto asiyegeukia jina. Yote niliyomfundisha kwa miezi miwili niliyatumia, na yote yalikuwa ya kumfukuza.

Saa zikapita. Nilirudi shuleni kuona kama amerudi, nikamkuta mke wangu amesimama chini ya ile rimu.

"Gonga," akaniambia.

"Nini?"

"Gonga kengele. Anakujaga akiisikia. Kila siku anakuja, wewe unamfukuza."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaangalia saa. Nikasema, "Sasa hivi si saa yake. Watu watadhani ni ndege. Kuna utaratibu, lazima kwanza balozi..."

Hakunisubiri. Aliokota kile chuma cha kugongea akaipiga rimu kwa mikono miwili, mara kumi, mara ishirini, analia huku anapiga, na sauti yake ikaenda mpaka sijui wapi.

Lo! Mnajua kilichofuata. Kijiji kizima kikaingia ardhini. Walimu wenzangu walitoka madirishani. Wanafunzi walijitosa kwenye handaki la uwanjani kwa mistari, kama nilivyowafundisha. Wanaume waliokuwa wakitoka bondeni walitupa mapanga wakaruka shimo lolote lililokuwa karibu, na nilimwona balozi akitumbukia na kamba yake, kofia ikabaki juu. Kwa muda mfupi hapakuwa na mtu hata mmoja juu ya nchi ile, ila kuku, mimi na mke wangu anayegonga.

Ndipo akatokea. Alitoka kwenye mikorosho mwisho wa mstari, akaja kwa mwendo wake, anagusa mlango wa nyumba ya kumi, ya tisa, ya nane, safari hii hana mbio. Watu wote walikuwa wameikimbia kengele, na yeye peke yake alikuwa anaifuata. Alikuwa na matope mpaka mapajani. Alifika, akapita katikati yetu bila kututazama, akaweka kiganja kwenye rimu. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Kikombe chake kilikuwa na matope ndani, na alikuwa hajayanywa.

Mke wangu akaileta ile ndoo aliyokuwa ameiacha kwenye ukuta wa ofisi, akasuuza kikombe, akakijaza. Mimi nilifungua mdomo. Naapa sijui nilitaka kusema nini. Akanitazama, nikaufunga.

Mtoto alikunywa mpaka tumbo likawa gumu. Watu walianza kuchungulia mahandakini, vichwa vimejaa mchanga, wanaangalia mbinguni kutafuta ndege. Mama wa nyumba ya kumi ndiye aliyetoka wa kwanza. Alikuja moja kwa moja, akamwona mtoto, akakaa chini mavumbini akaanza kulia kwa Kimakonde. Nilidhani analia kwa furaha.

Kesho yake jioni mkutano ukaitwa, na shitaka ni hili: kengele imegongwa nje ya saa zake bila hatari. Mke wangu alitaka kusimama, nikamwahi nikasema niliyegonga ni mimi. Huo ndio uongo pekee katika maisha yangu ninaojivunia, na ulinipa sifa ya ushujaa nisiyostahili hata kidogo. Balozi akasema mtoto amepatikana, basi kosa limesamehewa. Kisha akakohoa, akasogeza ile kamba iliyokuwa miguuni pake, akasema lakini tukubaliane, miezi mitatu inakaribia kwisha, mtoto hajasema neno na jana kidogo tumzike.

Mama wa nyumba ya kumi akasimama kabla hajaruhusiwa.

"Alisema," akasema. "Jana alikuja kwangu akanishika mkono. Huu." Akauinua, bado una masizi ya korosho. "Akanipeleka mpaka kwenye mtungi wangu, akauweka juu ya kata ya kuchotea. Nikamwambia, sema maji. Akaushika tena akauweka. Nikamwambia, sema maji, maana nilinyoosha mkono hapa nikaunga azimio, mwalimu, na ndio huo huo mtoto aliokuwa ameushika. Mara tatu. Halafu akaniachia, akaondoka. Mimi nina watoto watano. Nilijua anataka nini. Nani hapa hakujua?"

Kisha mke wa nyumba ya tisa akasema, bila kusimama, "Na kwangu. Alinishika." Wa nane akasema kwake mkono wake ulitumbukizwa ndani ya ndoo tupu. Wa saba alikuwa mwanaume, mkuu wa mgambo, akasema aliuweka mkono wake kwenye mtungi na yeye akautoa, akasema hivyo huku anautazama ule mkono. Ikashuka hivyo, sita, tano, nne. Nyumba ya tatu ilikuwa ya balozi mwenyewe. Akaisukuma ile kamba nyuma ya benchi, akasema, "Na kwangu." Nyumba ya pili wakasema ndiyo.

Halafu ikafika nyumba ya kwanza, na wote wakanigeukia.

Nilikuwa nimeisahau kabisa. Kwa kweli nilikuwa nimeisahau. Asubuhi ile, kabla sijavuka uwanja, alinishika mkono akanipeleka mtungini. Ndani kulikuwa na maji ya kata mbili hivi. Nikasema, "Sema maji." Akauweka mkono wangu juu ya lile jiwe. Nikasema tena. Nikatazama saa, nikaona nitachelewa, nikaurudisha mkono wangu, nikaandika kwenye daftari: "Ombi: bado hajaomba." Nikaenda kufundisha.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimestaafu, binti mmoja mtaalamu wa watoto kama wangu alinieleza kwamba mtoto huanziwa kwenye ombi alilonalo tayari, hata likiwa la mkono, akapewa papo hapo, na neno huambatanishwa humo taratibu. Na kwamba nyumba nzima na majirani wafanye vivyo hivyo. Akanifariji kwamba nusu ya mbinu yangu ya zamani ilikuwa sahihi. Nilifurahi sana na sikumuuliza ni nusu ipi.

Lakini jioni ile hapakuwa na mtaalamu. Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kujikosoa, kurasa nne, utangulizi na sehemu tatu. Nikasema, "Ndugu balozi, ndugu wananchi," nikafunua ukurasa wa kwanza.

Kitu kikanishika kifundo cha mkono. Alikuwa ametoka mkekani kwa mama yake. Hakuniangalia. Alivuta, na karatasi zikaanguka, na mimi nikamfuata, nikatoka nje ya mkutano mbele ya watu wote katikati ya sentensi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tena maishani. Nyuma yangu nilimsikia mama wa nyumba ya kumi akisema, "Azimio jipya: akimshika mtu mkono, mtu huyo aende." Nilisikia mikono ikinyanyuliwa, nguo zikisuguana. Nilimsikia balozi akiuliza ile kamba basi ifanyiwe nini, na sauti ya mke wangu ikimjibu kuhusu mbuzi.

Alinivuta kuipita nyumba ya pili, akagusa mlango, mpaka kwetu. Akanipeleka mtungini. Akauchukua mkono wangu akauweka juu ya jiwe, kama jana.

Nikaliondoa. Nikalibeba mpaka nje nikalitupa, nikarudi. Nikafunua mtungi, nikachota, nikamimina kwenye kikombe chake cha bati.

"Maji," nikasema mimi.

Hakujibu. Alikuwa anakunywa.